Rangi Iliyokolea

Ukuta hupakwa rangi. Ukindu hutiwa rangi. Kiswahili kina neno moja, rangi, kwa kopo la fundi wa nyumba na kwa sufuria ya mama anayechemsha kindu za mkeka, lakini vitenzi havichanganyi kazi hizo mbili. Kinachopakwa hukaa juu: kikwaruze kwa ukucha, kitabanduka, na hali ya asili itaonekana chini yake. Kinachotiwa huingia. Uchane ukindu uliochemshwa ukaiva, utakuta ndani rangi ile ile iliyo nje, na hakuna tena namna ya kuvitenganisha viwili hivyo.

Lugha haikuishia kwenye kazi ya mikono. Mlaghai humpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwenye chuki humpaka mtu matope. Kupaka kumebebeshwa mambo ya juu juu, ya muda, mara nyingi ya hila. Upande wa pili liko neno kukolea. Rangi hukolea, chumvi hukolea mchuzini, taarabu hukolea usiku unapokua, penzi hukolea, na mgeni aliyekaa Mombasa hadi lafudhi ya kwao ikampotea husemwa kwamba Uswahili umemkolea. Nawapenda watia rangi kwanza kwa sababu hiyo. Maneno tunayoyatumia kupimana sisi kwa sisi, wao huyafanyia kazi kwenye maji ya moto, na ukikaa karibu na sufuria yao unaona kukolea kunagharimu nini.

Gharama huanza mbali na moto, kwenye jani. Mkindu ni mtende wa mwituni unaopenda mabonde yenye maji na kingo za mito. Yanayofaa kwa mkeka mzuri ni majani machanga ya katikati, yasiyofunguka bado wala kuwiva kijani kwa jua. Hukatwa, yakaanikwa siku kadhaa, yakaanuliwa jioni yasilale kwenye umande, hadi yanapauka na kuwa meupe. Kisha huchanwa: uti wa katikati hutolewa, na jani hugawanywa kwa ukucha au ncha ya kisu liwe nyuzi za upana mmoja. Wanaosukia miyaa, majani ya mkoche, hufuata njia hiyo hiyo, ingawa miyaa ni migumu zaidi na hufaa kwa majamvi na vikapu. Mtazamaji mwenye haraka huiona hatua hii kuwa matayarisho tu. Mtia rangi anajua kuwa nusu ya rangi imeshaamuliwa hapa. Ukindu uliopigwa na mvua ukiwa umeanikwa hupata doa la ukungu, na doa hilo litatokeza ndani ya nyekundu, litatokeza ndani ya kijani, hata ndani ya zambarau. Rangi haifichi kasoro ya kitu, huizidisha. Nyeusi peke yake ndiyo inayosamehe, kwa hiyo kindu zenye kasoro hutengwa zikangoja sufuria ya nyeusi.

Kabla ya kuingia kwenye rangi, kindu hulowekwa kwenye maji matupu. Kitu kikavu hunyonya kwa pupa: pale kilipogusa kwanza rangi huzidi, kwingine hupungua, kikatoka na mabaka. Kilicholowana hupokea polepole na sawasawa. Wakati huo maji ya sufuria yanachemka, na unga wa rangi umekorogwa pembeni kwenye kikombe cha maji ya moto hadi madonge yote yayeyuke, ndipo unamiminwa. Wengi huongeza chumvi, nayo ina kazi ya kweli: huisukuma rangi itoke majini iingie kwenye jani. (Kuloweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi ni jambo jingine. Nguo ikishatoka kiwandani na rangi yake, chumvi haina mengi ya kuifanyia.) Vicha vya kindu hulazwa ndani, vikageuzwa kwa kijiti, vikazamishwa, vikageuzwa tena. Moto ukizidi, jani hulegea na litakatika wakati wa kusuka. Ukipungua, rangi huishia juu ya ngozi ya jani.

Hapa ndipo ustadi unapoonekana, kwa anayetaka kuuona. Mama huinua ukindu mmoja, akaukamua baina ya vidole, akaunyanyua kwenye mwanga. Ukindu uliolowana daima huonekana mzito wa rangi kuliko utakavyokuwa ukikauka, kwa hiyo anayeamini anachokiona ndani ya sufuria ataipua mapema na kupata kindu hafifu. Jicho la fundi hupunguza. Linaona wekundu mkali na papo hapo linauona ule utakaobaki kesho kivulini. Hakuna saa wala kipimo kinachomsaidia, na ukimwuliza anajuaje atakwambia ‘imeshaiva’, kama kwamba jambo hilo liko wazi kwa kila mwenye macho.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwenye sufuria ya rangi methali hiyo hugeuka: kila mchovyo huongeza. Kindu zinazotakiwa ziwe nzito huchovywa, zikapumzishwa, zikarudishwa, na fundi mzuri huchagua michovyo mingi ya rangi nyepesi kuliko mmoja wa rangi nzito. Rangi iliyoingizwa kwa mkupuo hubaki juu, halafu ikaishia kwenye vidole vya msukaji na kwenye kanzu ya atakayeketi. Ikishaiva, kindu huoshwa kwa maji baridi hadi maji yatoke meupe, kisha huanikwa mahali penye upepo lakini pasipo na jua, kwani jua lililoufanya ukindu kuwa mweupe litaifanya na rangi vivyo hivyo.

Ninachokistaajabia kuliko vyote ni hesabu. Mkeka huanza ukiwa ukili, mkanda mrefu wa kusuka, ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upatikane upana unaotakiwa. Kwa hiyo nakshi yote, mistari na vipembe vyake, imo ndani ya ukili kabla mkeka haujawa mkeka. Mtia rangi anapowasha moto lazima ajue kindu nyekundu zitakazotosha mpaka pindo la mwisho, na nyeusi zitakazokwenda nazo, na nyeupe zitakazobaki bila kutiwa chochote ili zile nyingine zionekane. Zikipungua hawezi kuchemsha nyingine zikafanana. Maji si yale, majani si ya mkato ule, moto si ule; sufuria ya pili haijapata kufanana na ya kwanza. Siku nyingine ukikalia mkeka wa zamani, utazame wekundu wake toka upande mmoja hadi mwingine. Ukiona mahali umebadilika, hapo kindu ziliisha. Na ukiona wekundu mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, ujue umekalia kazi ya mtu aliyeuona mkeka mzima kichwani kabla maji hayajachemka.

Unga wa rangi ni mgeni wa juzi. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini maabarani, akapata badala yake zambarau. Rangi za viwandani zilizofuata zilisambaa duniani kote, zikafika mpaka nyua za pwani yetu. Kabla ya unga huo rangi ilichimbwa, ilibanduliwa, ilipondwa. Mdaa, kichaka kidogo, kilitoa mizizi ambayo ikichemshwa huleta hudhurungi inayoelekea weusi, na hiyo ndiyo iliyokuwa rangi nzito ya mikeka. Wasukaji wa vikapu wa Botswana huchimba mizizi ya ndugu yake, wanaomwita motlhakola, kwa kazi hiyo hiyo. Msumbiji mzizi wa mti wa ukoo huo huitwa mulala, na watu huutafuna kama mswaki hadi midomo ikashika rangi ya chungwa. Gome la mkaka, mmoja wa mikoko, lilitoa wekundu. Mbegu za mzingefuri zilitoa nyekundu nyingine, yenye umanjano ndani yake. Bizari ya manjano ilitoa manjano.

Kila rangi ilikuwa na tabia yake, na mwenye kuzitumia ilimbidi azijue. Manjano huingia haraka na huondoka haraka; yaache juani, hutayaona tena. Mdaa huchelewa kuingia na huchelewa kutoka. Nyingi ya rangi za mimea hazishiki peke yake, zinahitaji kitu cha tatu kitakachozifunga kwenye uzi au jani: shabu, au majivu, au maji yaliyolala na chuma chenye kutu. Gome lenye tanini likikutana na chuma huwa jeusi, na ndiyo siri ya nguo maarufu za Mali zinazolowekwa kwenye maji ya majani kisha zikachorwa kwa matope ya mto. Nasema siri, lakini ni maarifa yaliyopatikana kwa vizazi vya watu waliojaribu, wakaharibu, wakakumbuka.

Dawa iliyomo kwenye mizizi ya mdaa na ile iliyomo kwenye majani ya mhina ni za ukoo mmoja, ambao wanakemia huuita naftokwinoni. Ukoo huo unafahamika kwa yeyote aliyewahi kukaa na bi harusi usiku wa hina. Majani hupondwa, yakakandwa kwa maji ya limau, yakaachwa yatulie ndipo mchoraji aanze, na bi harusi hukaa na mikono wazi saa nyingi bila kugusa kitu. Yakibanduliwa huacha rangi ya chungwa tu, na asiyejua atasema hina haikushika. Wanawake waliomzunguka wanajua. Wanamwambia asitie maji. Katika siku moja au mbili zinazofuata, hina ikiwa imeshaondolewa, wekundu huzidi kuzama, kwa sababu rangi imeshikana na ngozi yenyewe na inaendelea kuiva humo. Hapo pana jambo la kuchunga, kwa kuwa siku hizi wenye haraka huchanganya piko, ile nyeusi ya nywele, ili rangi itokeze usiku ule ule. Piko huunguza ngozi za watu wengine vibaya sana, na kovu lake halitoki kama hina inavyotoka.

Nili, rangi ya buluu, ni hadithi ya peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu wafumaji Waislamu wa Sofala, kusini mwa pwani hii. Walifuma pamba nyeupe wenyewe, lakini hawakuwa na namna ya kuitia buluu. Kwa hiyo walinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Hebu fikiria kazi hiyo: kuibomoa nguo nzima iliyokwisha, kwa ajili ya rangi yake tu. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo mfumaji angeweza kumpa mtia rangi asiyemfahamu, aliye ng’ambo ya bahari. Kaskazini zaidi, kwenye visiwa vya Kirimba, watu walikuwa na mnili wao, na nguo za buluu za huko ziliuzwa pwani kwa muda mrefu.

Ugumu wa nili ni kwamba haiyeyuki majini. Unaweza kuichemsha kutwa na nguo ikatoka nyeupe. Ni lazima kwanza iondolewe hewa, kwa kuvundika au kwa dawa, ndani ya maji ya majivu au magadi, hadi ipoteze ubuluu wake na kuwa maji ya rangi ya kijani kama manjano. Nguo huzama humo, ikainuliwa taratibu, ikiwa kijani. Halafu hewa huigusa, na mbele ya macho yako kijani hugeuka buluu. Rangi iliyokuwa majimaji imerudi kuwa unga, lakini sasa imenaswa ndani ya uzi na haina pa kutokea. Mchovyo mmoja huleta samawati. Michovyo mingi, kila mmoja na mapumziko yake hewani, huleta ile buluu iliyokaribia weusi tuliyoijua kwa jina la kaniki.

Kaniki ilibeba zaidi ya rangi. Unguja ya karne ya 19, kaniki na merikani nyeupe zilikuwa nguo za watumwa na mafukara. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki na kujifunga kanga zenye rangi na nakshi. Mtu aliyelazimishwa kuvaa rangi moja maisha yake yote alikuwa na haki ya kuzitaka zote. Kaniki haikutoweka, waganga na wenye mila zao wanaitafuta mpaka leo. Mwaka huo huo wa 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani, na mashamba makubwa ya mnili ya Bara Hindi yakaanza kufa.

Kanuni ile ya nili inaishi katika nyua za Dar es Salaam na Arusha, kwa watengeneza batiki. Kitambaa cheupe hupigwa nta ya moto kwa muhuri wa ubao au wa sponji. Rangi huandaliwa kwenye beseni kwa kostiki soda na haidrosulfaiti, dawa zinazofanya kazi iliyokuwa ya majivu na kuvundika. Kitambaa huzama kikiwa na rangi moja, hutoka na ya pili, na hewani hufikia ya tatu, ile iliyokusudiwa. Mwenye kazi amevaa glavu hadi kiwikoni, maana kostiki haina urafiki na ngozi. Mwishowe nguo huchemshwa nta itoke, na pale nta ilipokuwa, weupe hubaki. Kwenye mipasuko midogo ya nta rangi imepenya na kuacha mishipa myembamba ambayo hakuna aliyeichora. Wanunuzi huipenda mishipa hiyo kuliko nakshi yenyewe, nami nakubaliana nao.

Kinyume cha kukolea kina majina kadhaa, na kila jina lina sababu yake. Nguo huchuja inapoachia rangi majini, na mwimbaji aliyekuwa akijaza kumbi, leo hasikiki, huambiwa amechuja. Nguo hupauka kwa jua, na ngozi ya mtu asiyepata mafuta hupauka, na mji uliokimbiwa na biashara hupauka. Doa nalo ni rangi mahali isipotakiwa. Jina la mtu huingia doa. Ukiyapanga maneno hayo unapata orodha ya mambo yote yanayoweza kumharibikia mtia rangi. Naamini sisi tusiotia rangi tumeyaazima kwao kwa sababu yanasema ukweli kuhusu muda. Hakuna anayejua kama rangi imekolea siku ileile ya kuitia. Siku ile kila rangi inang’aa. Wanaojua ni wafuaji, na jua, na mwaka wa pili.

Kwa hiyo sina ugomvi na unga wa dukani. Mama anayeutumia anafanya uamuzi ule ule uliofanywa na bibi yake mwenye mdaa: ukindu gani, moto gani, michovyo mingapi, kuipua lini. Ugomvi wangu ni na mikeka ya plastiki iliyojaa masokoni, inayong’aa mwezi wa kwanza, ikakatika na kutupwa jalalani. Bei yake ya chini imewafundisha watu kudhani mkeka wa ukindu ni ghali. Si ghali. Ni siku za kuanika, kuchana, kuchemsha, kusuka na kushona, za mtu mmoja, mara nyingi mwanamke mwenye kazi nyingine zote za nyumba mgongoni.

Ukienda kununua, chukua kitambaa cheupe kilicholowana kidogo, ukisugue kwenye nyekundu. Alama hafifu mara ya kwanza si neno, ni ziada inayotoka. Ikiendelea kutoka, uache. Ugeuze mkeka, utazame kama upande wa chini una rangi sawa na wa juu. Fuata mstari mmoja wa rangi kutoka ukingo hadi ukingo. Mwulize muuzaji nani aliutia rangi, maana mara nyingi atakuwa yeye mwenyewe au mtu wa nyumbani kwake, na hakuna anayemwuliza. Nyumbani uupanguse kwa kitambaa kilicholowana, usiuloweke, na uuanike kivulini. Na muuzaji akikutajia bei, usimpunguzie. Mlipe.